Kukataa kwa Adabu: Habari za Chuma na Susi, 1873

Mara nyingi twasikia manung'uniko ya watu wafanyao kazi chini ya wakubwa wa taifa lingine, ambao lugha yao si lugha yetu, na mila zao si mila zetu. Karani, seremala, mwalimu, mpishi, mpagazi: kila mmoja wao hufikiwa na siku ambapo hupewa amri ambayo moyo wake hauwezi kuikubali. Hapo wengi wetu hushika mojawapo ya njia mbili. Wengine huitika, "Ndiyo, Bwana," kisha huenda chini ya mwembe wakanung'unika na wenzao, na kazi ikaharibika polepole pasipo mkubwa kujua sababu. Wengine hupasuka kwa hasira, wakatupa chini mzigo, wakaenda zao, na kesho hawana mshahara wala heshima. Njia ya tatu ipo, nayo ni nyembamba: kumwambia mkubwa kwamba hukubali, na kumwambia kwa namna ambayo masikio yake yataweza kuipokea.

Tumeona vema kuieleza njia hiyo si kwa maonyo matupu, bali kwa kisa cha watu waliokuwa kweli, waliopita katika nchi hizi zetu. Watu hao ni Chuma na Susi, na wenzao kama 60, waliouchukua mwili wa Daktari David Livingstone kutoka bara mpaka pwani. Wengi wetu tulifundishwa habari zao shuleni, nasi tukafundishwa kusifu nguvu za miguu yao na uaminifu wao. Lakini tukiisoma habari hiyo polepole twaona kwamba safari ile haikushinda kwa miguu tu. Ilishinda kwa mashauri, kwa barua, na kwa maneno yaliyopimwa kabla ya kutoka kinywani.

Kwanza yatupasa kujua watu hao ni akina nani. Chuma alikuwa Myao, naye alikombolewa katika mikono ya wafanya biashara ya watumwa mwaka wa 1861, alipokuwa kijana mdogo. Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, akaajiriwa na Livingstone kazi ya chomboni. Wote wawili walivuka bahari pamoja naye mwaka wa 1864 mpaka Bombay, na mwaka wa 1866 wakarudi naye Afrika, wakashuka Mikindani kuanza safari ile ndefu ambayo bwana wao hakurudi nayo. Wa tatu ni Jacob Wainwright, naye Myao, aliyeokolewa utumwani akasomeshwa shule ya misheni huko Nasik katika Bara Hindi. Yeye alikuja mwaka wa 1872 pamoja na watu ambao Stanley aliwapeleka Unyanyembe kumsaidia Livingstone. Alijua kusoma na kuandika Kiingereza, na ujuzi huo, kama tutakavyoona, ulikuwa na thamani kuliko bunduki.

Msomaji asidhani kwamba katika safari zile bwana na watumishi walipatana siku zote. La, sivyo. Mwaka ule wa 1866 watu wa Nzwani, ambao mkuu wao alikuwa Musa, walisikia habari za Mazitu walio mbele, wakaogopa. Hofu yao ilikuwa na sababu, kwa maana vita vilikuwapo kweli. Lakini hawakusimama mbele ya mkubwa wao wakaisema hofu hiyo mpaka wakaelewana. Walimwacha njiani, na walipofika Unguja wakatoa habari ya kwamba ameuawa. Habari hiyo ikafika Uingereza, watu wakaomboleza, mpaka mwaka wa 1867 watu wakaletwa kwa mashua mpaka ziwa Nyasa, chini ya E. D. Young, wakaona kwamba ilikuwa uongo. Basi hofu ya haki ikageuka kuwa aibu, kwa sababu ya namna ilivyosemwa.

Mwaka wa 1868 palitokea mgogoro mwingine. Livingstone alikuwa nchi ya Kazembe, naye alitaka kwenda kulitazama ziwa Bangweulu. Watu wake wengi wakakataa. Walikuwa wamechoka, wala hawakuona faida ya kuzunguka tena nyikani. Akaenda na watu wachache tu waliokubali. Jambo la kutazama ni lile alilofanya baadaye mwaka ule ule: aliwapokea tena wale waliomkataa, na katika daftari yake akaandika kwamba uchovu wao aliufahamu, kwa maana yeye mwenyewe alichoka, tena kwamba yeye naye ana makosa yake. Twapenda kila mwenye kuamuru watu alifikiri neno hilo. Mkubwa anayeweza kujiambia kwamba ana makosa ataambiwa ukweli na watu wake. Mkubwa asiye na makosa machoni pake mwenyewe atasikia "ndiyo" siku zote, mpaka siku atakapobaki peke yake.

Sasa tufike mwaka wa 1873. Mapema mwezi wa Mei, katika mji wa jumbe Chitambo, nchi ya Ilala iliyomo leo katika Zambia, watumishi waliingia kibandani usiku, wakamkuta Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa. Fikiri hali yao. Walikuwa ugenini, zaidi ya maili 1,000 kutoka pwani, na mali waliyokuwa nayo ni ya marehemu. Hapakuwa na mkubwa tena wa kuwaamuru, wala wa kuwalipa.

Chuma na Susi hawakujitangaza kuwa wakubwa. Waliwakusanya wenzao wote wakawaeleza mambo yalivyo, wakawataka shauri. Wenzao wakajibu kwamba hao wawili ndio wazee wa safari na wa taabu, basi wao wawe wakuu, nao wengine watawatii. Baadaye masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya watu wote, na Jacob Wainwright akaandika katika daftari kila kitu kilichokuwamo. Hakuna aliyelazimika kumwamini mwenziwe gizani. Kazi nyingi za shirika katika vijiji vyetu, maduka na vyama na hata hazina za kanisa, zimevunjika kwa kukosa mambo hayo mawili: mkuu aliyekubaliwa na wote, na hesabu iliyoandikwa mbele ya wote. Ugomvi wa kesho huzuiwa leo, wakati mioyo ingali mitulivu.

Wakakata shauri kuuchukua mwili mpaka Unguja, ili urudishwe kwao. Lakini walimwogopa Chitambo, kwa maana katika nchi nyingi msafiri akifa mjini, wenziwe hutozwa fidia kubwa. Kwa hiyo wakaanza kwa kuficha. Waliomba ruhusa ya kujenga mahali mbali na nyumba za watu, pasipo kusema sababu yenyewe. Siri haikukaa. Chitambo alipopata habari, hakukasirika. Aliwauliza kwa nini wamemficha, akawaambia kwamba yeye naye amesafiri mpaka pwani, anajua kwamba kifo humkuta msafiri, wala hawadhanii ubaya. Wao wakaona haya na kufurahi pamoja. Wakampa zawadi, naye akaja na watu wake kuomboleza, ngoma zikapigwa kwa desturi ya nchi ile, na watu wa msafara wakapiga bunduki kwa desturi yao. Kila upande ulimheshimu maiti kwa lugha yake, wala hapana upande uliocheka wa pili.

Hata hivyo Chitambo hakukubaliana nao katika jambo moja. Aliwashauri wamzike pale pale, kwa maana kuchukua maiti njia ndefu namna ile ni jambo lisilowezekana. Wao wakamsikiliza, wasibishane naye, lakini wakashika shauri lao. Moyo na matumbo vikazikwa chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma ibada ya mazishi, akachonga maneno katika shina la mti ule. Mwili ukatiwa chumvi ukakaushwa juani siku 14, ukafungwa katika nguo na gome la mti na turubali, ukapakwa lami. Na Chitambo akaahidi kupatunza mahali pale. Tazama jinsi ilivyokuwa: walikataa shauri la jumbe, lakini walimwachia sehemu ya heshima, hata akawa mlinzi wa kaburi badala ya adui wa safari.

Hatusemi kwamba mwenendo wao ulikuwa mwema kila mahali. Njiani, katika mji wa Chawende, maneno mabaya yalitoka pombe ilipokuwa imewaingia watu wa mji, mkono ukafuata ulimi, na vita vikaanza, damu ikamwagika pande zote mbili, na nyumba zikachomwa. Wazee wetu walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Twalitaja jambo hilo kwa kuwa historia ikificha makosa ya watu wema haitufundishi kitu.

Mwezi wa Oktoba walikaribia Unyanyembe, karibu na Tabora. Walikuwa wamesikia njiani kwamba yuko Mzungu huko, nao wakaambiwa kwamba ni mwana wa Livingstone. Kumbe alikuwa Luteni Verney Lovett Cameron, ambaye Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtuma kumsaidia Livingstone. Hapo Jacob Wainwright akaandika barua, na Chuma akatangulia kuipeleka. Barua hiyo ni fupi sana, nasi twaiona kuwa mfano mwema kwa kila mwenye kumwandikia mkubwa asiyemjua. Inaanza kwa kusema wamepataje habari za kuwapo kwake. Inamwambia msiba waziwazi, pasipo kuzunguka: baba yako amekufa kwa ugonjwa, nasi tumeuchukua mwili. Inataja hasara yao wenyewe. Inaomba nguo za kununulia chakula, kwa kuwa wana njaa, wala haijidhalilishi katika kuomba. Mwisho inauliza jambo la adabu: je, watakapoingia mjini wapige bunduki au wasipige? Na kama wakiruhusiwa, wapelekewe baruti.

Swali hilo la mwisho lina hekima ndani yake. Desturi ya misafara ilikuwa kupiga bunduki wakati wa kuingia mjini. Lakini hawakujua mtoto wa Kizungu aliyefiwa na babaye angeupokeaje mshindo huo, kama heshima au kama dharau. Basi hawakukisia, wakauliza. Ni mara ngapi tumeudhiana na watu wa mila nyingine kwa sababu kila mmoja alikisia, na swali moja tu lingalitosha!

Tena kuna fundisho jingine katika barua ile. Cameron na mwenziwe Daktari Dillon walikuwa wagonjwa wa homa, macho ya Cameron yameharibika hata kusoma ilikuwa taabu. Wakaisoma barua wasiifahamu, wakajiuliza kama ni baba zao wenyewe waliokufa. Mpaka Chuma alipoletwa mbele yao akaeleza kwa kinywa, ndipo walipotambua. Barua ilikuwa njema, lakini haikutosha peke yake. Karatasi haijui kama msomaji wake ana homa. Neno zito likiandikwa, apelekwe pamoja nalo mtu awezaye kulifafanua.

Basi mwili ukafika Unyanyembe, na hapo pakawa na jaribu kubwa kuliko yote. Cameron alishauri kwamba wauzike pale. Alikuwa na sababu zake, wala hazikuwa sababu za mpumbavu. Njia ya mbele ilipita Ugogo, na watu wa huko waliweza kuizuia maiti isipite, na watu wake wakapatwa na hatari. Tena mke wa Livingstone, Mary, alizikwa katika bara hili mwaka wa 1862, huko Shupanga. Yamkini mumewe naye angalipenda kulala katika bara hili hili. Aliyesema hayo ni Mwingereza, ofisa wa manowari, aliyetumwa na wakubwa wa Uingereza kwa ajili ya kazi hii hasa. Nao ni wapagazi na watumishi, mishahara yao haijalipwa bado, na mwenye kujua deni lao amekufa.

Wakakataa. Hawakumtukana, wala hawakutoroka na mzigo wakati wa usiku. Walimsikiliza, wakamwambia kwamba shauri lao ni kumfikisha bwana wao pwani arudishwe kwao, na kwa shauri hilo hawatageuka. Cameron akaona kwamba nia yao haivunjiki, asiwalazimishe. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Vyombo vya marehemu vya kupimia nchi, ambavyo wamevitunza miezi ile yote pasipo kuharibika, Cameron alitaka kuvitwaa baadhi yake avitumie katika safari yake mwenyewe. Jambo hilo halikuwapendeza hata kidogo, kwa maana walitaka kila kitu kifike kama kilivyoandikwa katika orodha. Walakini hapo walimwachia.

Twaomba msomaji asimame kidogo mahali hapa, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Walikuwa na mambo mawili wasiyoyapenda, na nguvu ya kuzuia moja. Kama wangaligombania vyote viwili kwa ukali ule ule, yamkini wangalipoteza vyote. Walijua lipi ni mzigo wenyewe na lipi ni kamba ya kufungia mzigo. Mtu asiyeweza kuachilia neno dogo hawezi kusikilizwa anapokataa neno kubwa, kwa kuwa mkubwa wake amezoea kumsikia akikataa kila kitu.

Waliondoka Unyanyembe, na Luteni Murphy na Daktari Dillon wakafuatana nao kurudi pwani. Dillon alizidiwa na ugonjwa, akajiua kwa bunduki njiani katika mwezi wa Novemba. Karibu na Kasekera wenyeji wakakataa maiti isipite. Hapo wale watu wakatumia hila. Walijifanya wamekubali kuurudisha mwili Unyanyembe. Wakaufungua wakaufunga upya katika umbo la mtumba wa nguo, kisha wakafanya maiti ya uongo kwa mabua, na watu sita wakaichukua kurudi nyuma mbele ya macho ya wote. Walipofika porini wakayatawanya mabua, wakarudi kwa wenzao kwa njia nyingine. Mzigo ukapita.

Je, tuwasifu kwa hila hiyo? Sisi tunaofundisha watoto amri za Mungu hatuwezi kusema kwamba uongo ni chombo kizuri cha kazi. Wala hatuwahukumu upesi, kwa maana hawakutaka mali ya mtu wala kumdhuru yeyote. Twasema hivi tu: kwa Chitambo walificha, na ukweli ulipojulikana walikuta kwamba ungalifaa tangu mwanzo. Kule Kasekera ukweli ulikuwa umekwisha kusemwa na mlango ukafungwa. Tofauti hiyo si ndogo, na kila mtu ailinganishe na dhamiri yake.

Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na mwili ukachukuliwa kwa manowari mpaka Unguja. Na hapa kisa chetu chageuka uchungu. Mishahara yao ililipwa, wakaambiwa waende zao. Kazi ya miezi tisa, ambayo ulimwengu wote uliistaajabia baadaye, ikaisha kama kazi ya kuteremsha mizigo gatini. Jacob Wainwright peke yake alisafiri na jeneza, kwa kuwa chama cha misheni cha CMS kililipa nauli yake, naye alikuwa mmoja wa wale waliolichukua jeneza siku ya mazishi katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi hawakuwapo. Waliletwa Uingereza baada ya mazishi, kwa gharama ya James Young, rafiki wa marehemu. Huko walikaa na Horace Waller aliyekuwa akizitengeneza daftari za mwisho za Livingstone ziwe kitabu, wakamweleza mambo ya safari ambayo hayakuandikwa. Kitabu hicho kilitoka mwaka ule ule wa 1874, na mengi tujuayo leo juu ya safari ya mwili yametoka vinywani mwao. Chama cha Jiografia kiliwatengenezea wale watu nishani, lakini zilipokuwa tayari wengi wao walikuwa wametawanyika.

Twasema jambo hili si kwa kuamsha kinyongo cha kale, bali kwa sababu adabu kazini ni daraja la pande mbili. Watumishi wale waliwatendea wakubwa wao kwa adabu tangu Ilala mpaka pwani, na wakubwa wakasahau kuwajibu kwa adabu ile ile. Mshahara ni haki ya mtu, nao wapasa kulipwa kwa wakati. Lakini shukrani ni neno jingine, na mshahara hauwezi kulisema badala ya kinywa.

Chuma alikuwa baadaye mkuu wa wapagazi, akasafiri bara pamoja na Askofu Edward Steere wa Misheni ya UMCA, na tena mwaka wa 1879 pamoja na Joseph Thomson, ambaye alikuwa kijana mgeni, na mkubwa wake alikufa safari ilipoanza tu. Thomson alirudi salama mwaka wa 1880, na sehemu kubwa ya salama hiyo ilikuwa ulimi na uzoefu wa Chuma. Alikufa Unguja mwaka wa 1882. Susi alibatizwa mwaka wa 1886, akachagua jina la David, akafa mwaka wa 1891. Hatujui mtu aliyewalazimisha kufanya yale waliyoyafanya mwaka wa 1873, kwa kuwa aliyekuwa na amri juu yao alikuwa amelala ndani ya gome la mti, mabegani mwao.

Basi, ndugu wasomaji, kesho mmoja wetu ataitwa ofisini au shambani, naye ataambiwa jambo asilolikubali na mtu asiyejua mila zake. Kabla hajafungua kinywa, na ajiulize: wenzangu nimewataka shauri? Hesabu yangu imeandikwa? Neno hili ni mzigo au ni kamba tu? Mwenye hekima wa kitabu cha Mithali amekwisha kutufundisha nguvu ya jawabu la upole, lakini upole si kusema ndiyo. Wale watu walikuwa wapole, na walisema hapana, na mwili ukafika.